Eda ya Bi Mize

Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama walipokuwa na mwenyekiti, karani na kamati kwa kila jambo dogo, waliishi nyikani mume na mke wa ukoo wa kwaru. Kabla hamjaniuliza, nasema mapema: kwaru ni kasuku, ila si yule kasuku wa kijivu mliyemwona ndani ya tundu sebuleni kwa watu, anayewaambia "karibu" wageni ambao hakuwaita yeye. Kwaru ni mdogo, ukimshika anajaa kiganja. Hasemi maneno ya watu, kwa sababu anayo ya kwake, tena makali.

Mgongo wa kwaru una rangi ya vumbi. Lakini mume ana kifua na tumbo la rangi ya chungwa lililoiva, na mke ana tumbo la kijani kama jani changa. Huyu mume aliitwa Shomari, na mkewe Bi Mize. Wako wanaosimulia kwamba mke aliitwa Bi Mwaka. Wanakosea. Bibi yangu aliyenisimulia alisema Bi Mize, naye hakuwa mtu wa kubahatisha majina.

Walikaa katika kichuguu. Wengi wa ukoo huo hukaa katika mashimo ya miti, lakini kichuguu kile kilikuwa kirefu na kigumu, na juu ubavuni kilikuwa na tundu lenye mlango mwembamba. Mchwa waliishi chini, kwaru waliishi juu. Hawakuwahi kugombana, kwa kuwa hawakuwahi kusalimiana.

Mwaka huo Bi Mize alitaga mayai matatu, meupe pe. Kwa kwaru, mke ndiye huatamia, tena hatoki. Mume ndiye huondoka alfajiri, akatafuta mbegu na tini za mwituni na matunda ya mgunga, kisha akarudi kumcheulia mkewe mdomoni. Msikunje pua. Nyinyi mlitafuniwa viazi na hamkulalamika.

Yai la tatu lilikuwa na siku mbili tu wakati Bi Mize aliposikia ukuta wa nyumba ukitetemeka. Kwarr, kwarr, kwarr. Vumbi likamwangukia kichwani. Nje, Mwenyekiti Tembo alikuwa anachora ukuta kwa pembe yake, mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, mpaka ikatokea alama ya X. Nyuma yake alisimama Karani Nyani, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa.

Maana ya X ukutani hata mtoto mdogo anaijua. Nyumba hiyo itabomolewa.

Sababu ilitangazwa palepale. Njia ya kwenda bwawani inapanuliwa kwa manufaa ya wanyama wote, na kichuguu kimeonekana kuwa ndani ya eneo la njia. Kichuguu kilikuwa pale kabla ya njia, kabla ya Mwenyekiti, na pengine kabla ya bwawa. Kukizunguka kulihitaji hatua nne za tembo. Lakini kiongozi hazunguki. Wenye nyumba walipewa siku saba.

Kesho yake Shomari alikwenda bwawani kuomba. Alimkuta Mwenyekiti amelala ubavu kwenye tope, akifikiri kuhusu maendeleo. Karani Nyani akamzuia ukingoni, akamuuliza kama amekuja na barua. Shomari akasema hana barua, ana mke, na mke wake hawezi kuhama kwa sasa.

"Hawezi kwa nini?" Nyani akauliza.

"Hawezi tu."

Nyani akapiga hesabu kichwani. Mke wa ndege, msimu huu, ameshindwa kutoka nyumbani. Alimeza mate, na koo lake likaonekana likipanda na kushuka. Nyinyi mnajua nyani wanapenda nini kuliko mahindi. Shomari akajua kwamba amekosea kufungua mdomo.

Mwenyekiti aliinua sikio moja, akasema, "Nimekusikia." Alimwambia kila mtu hivyo, na hakuna aliyewahi kuona faida yake. "Siku saba."

"Mwenyekiti, jana zilikuwa saba."

"Basi sita."

Shomari akarudi nyumbani, akaning'inia mlangoni kichwa chini, kama kwaru wafanyavyo wakiwa na habari mbaya. Akamweleza mkewe yote. Mayai yangehitaji karibu mwezi mmoja kuanguliwa. Makinda wa kwaru huzaliwa uchi na vipofu, na huwachukua karibu miezi mitatu kuota manyoya na kuruka. Mtu aliyepewa siku sita hawezi kuwapeleka popote. Yai la kwaru halibebeki.

Bi Mize aliyageuza mayai moja baada ya jingine kwa mdomo wake. Kisha akauliza, "Hapa nyikani, ni nani asiyesumbuliwa na Mwenyekiti?"

"Hakuna."

"Yupo. Maiti."

Akamkumbusha habari ya yule tembo ajuza aliyekufa kiangazi kilichopita. Alipokuwa hai, Mwenyekiti alimfukuza kwenye maji kwa sababu alikunywa polepole. Alipokufa, Mwenyekiti alisimama juu yake siku mbili bila kula, akamfunika kwa matawi, na mpaka leo akipita pale huinamisha mkonga na kuigusa mifupa. Na desturi ya nyika, Bi Mize akaendelea, inasema mjane hatolewi katika nyumba ya mumewe mpaka eda yake iishe. Eda ni miezi minne na siku kumi.

Shomari akahesabu. Mwezi mmoja wa kuatamia, miezi mitatu ya kulea, na siku kumi za akiba.

"Kwa hiyo mmoja wetu afe," akasema.

"Ndiyo."

"Nani?"

"Mimi nimekalia mayai, Baba Fulani. Wewe umekalia nini?"

Shomari hakuwa mwoga wa kufa. Shida yake ilikuwa kwamba marehemu haleti chakula, na asipoleta chakula mkewe na watoto watakufa kweli. Bi Mize alikuwa amekwisha kulifikiria. Marehemu atakuwa na dada, akasema, jina lake Bi Tatu, anatoka ng'ambo ya korongo. Bi Tatu atamhudumia wifi yake wakati wote wa eda. Kati ya Bi Tatu na marehemu hakutakuwa na tofauti yoyote isipokuwa rangi ya kifua.

Hapo Shomari akashtuka kuliko aliposikia habari za kifo. "Kifua changu?"

Alikipenda sana kifua chake. Kila asubuhi alikielekeza kwenye jua kabla ya kumsalimia mkewe. Bi Mize akamwambia achague, kifua au watoto, na ajibu upesi kwa sababu mkewe ana njaa.

Siku ya nne kabla ya bomoabomoa, nyika iliamshwa na kilio. Bi Mize alilia kutoka ndani ya kichuguu, kiiih, kiiih, kiiih, mpaka pundamilia wakaacha kula. Chini ya mlango yalikutwa manyoya kumi na moja ya rangi ya chungwa, yametawanyika. Shomari aliyang'oa mwenyewe, na lile la kumi na moja alilitoa akitukana. Ikasemekana ni mwewe. Mwewe alipohojiwa alikubali, maana mwewe hukubali kila mauaji, humwongezea sifa kufanya hivyo.

Habari zilimfikia Mwenyekiti Tembo akiwa anakula. Akatema majani. Alikwenda mpaka kichuguuni kwa mwendo wa msiba, akayanusa yale manyoya moja moja, akayakusanya kwa mkonga, akayalaza pamoja, kisha akavunja matawi na kuyafunika. Ndege mwenye uzito wa embe bichi alipata kaburi lenye matawi ya kutosha kuwalisha mbuzi mwaka mzima.

Wanyama wakakusanyika. Bi Tatu alikuwepo tangu mapema. Kifua chake kilikuwa kijani kizuri, kwa sababu tangu alfajiri alikuwa akitafuna majani mabichi na kujipaka, akitema na kujipaka tena. Alikaa upande wa wanawake, karibu na Mama Kanga, na akasikia mwenyewe hotuba za mazishi yake. Bahati hiyo wengi huikosa.

"Marehemu," akasema Mwenyekiti, na sauti ikamkatika, "alikuwa jirani yangu. Juzi tu alikuja kwangu. Tukazungumza kama ndugu. Nilimsikiliza."

Karani Nyani akatikisa kichwa. Mwenyekiti akaendelea kwamba marehemu hakuwahi kumkosea mtu, kwamba sauti yake ilikuwa pambo la nyika, na kwamba wangempata wapi mwingine kama yeye. Bi Tatu alisikiliza haya yote, machozi yakamtoka, na hayakuwa ya uongo. Alijisikia vibaya sana kwamba ndege mwema kama yule amekufa.

Mama Kanga akamwekea bawa begani. "Jikaze, dada. Najua ni ndugu yako wa damu. Lakini tuseme ukweli, ile sauti ilikuwa inakera."

Matanga yakakaliwa siku tatu. Wanyama walikula na kusema "Mungu amrehemu" kati ya tonge na tonge. Siku ya tatu, wakati watu wanajipangusa midomo, Karani Nyani akainua mkono. Akasema kwa heshima zote kwamba ana swali la kisheria. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, sawa. Lakini mjane mwenye mimba eda yake huisha siku ya kujifungua. Sasa, je, mjane huyu hana mimba? Kwa manufaa ya wote, yeye Karani yuko tayari kuingiza mkono ndani na kuhakikisha.

Aliusema huo mkono kama mtu anayejitolea.

Ndani ya kichuguu Bi Mize alisikia, akayakumbatia mayai. Bi Tatu alitaka kuruka. Wakati huohuo Mwalimu Kobe, ambaye alikuwa amewasili muda si mrefu kwa mazishi ya siku ya kwanza, akatoa kichwa nje ya gamba. Kobe ndiye aliyejua desturi za nyika. Alizijua zote, ila zilitoka polepole.

"Mkono wa mwanamume," akasema, akapumzika, "hauingii nyumba ya mjane." Akapumzika tena. "Aulizwe. Aape."

Swali likapelekwa mlangoni kwa sauti. Bi Mize akajibu kutoka ndani, na kila mmoja akasikia.

"Naapa mbele yenu wote. Tumboni mwangu hamna kitu."

Na kweli hamkuwa na kitu. Vyote vilikuwa vimeshatoka. Wanangu, Bi Mize hakusema uongo hata neno moja siku ile. Aliulizwa kuhusu tumbo, akajibu kuhusu tumbo. Nyani akabaki ameinua mkono. Mwalimu Kobe akasema basi ni miezi minne na siku kumi kamili, akarudisha kichwa.

Mwenyekiti Tembo, ambaye msiba ulikuwa umemlegeza kabisa, akatoa amri. Alama ya X isubiri. Mjane akae kwa amani katika nyumba ya mumewe. Asiguswe, asichunguliwe, mwanamume asikaribie mlango kwa hatua kumi. Wifi yake tu ndiye apite. Na ili amri iheshimiwe, Karani Nyani mwenyewe atakaa pale mchana kutwa kama mlinzi.

Nyani akasema ni heshima kubwa kwake. Alisema hivyo akiwa anaangalia tundu.

Ndivyo mwizi wa mayai alivyowekwa kulinda mayai, tena bila posho.

Siku zikaenda. Kila alfajiri Bi Tatu alijipaka majani, akaja na shingo iliyojaa mbegu, akampita mlinzi kwa salamu, akaingia kumfariji wifi yake. Mayai yakaanguliwa mwezi haujaisha. Makinda watatu, uchi, macho yamefumba, wabaya kama vidole vya mguu vya mzee. Shomari akawaona wazuri kuliko kifua chake, na hilo Bi Mize alilikumbuka maisha yake yote.

Makinda hulia wakiwa na njaa, nao huwa na njaa wakati wote. Kila walipolia, Bi Mize alilia juu yao ili kuwafunika. Nyani akaenda kutoa taarifa bwawani kwamba huzuni ya mjane haipungui, bali inazidi, na siku hizi analia kwa sauti nne.

Mwenyekiti akaguswa. "Hayo ndiyo mapenzi," akasema. "Sisi wengine tukifa, nani atatulilia kwa sauti nne?" Nyani akatikisa kichwa.

Mwezi wa pili mvua ilinyesha ghafla, saa tatu asubuhi, wakati Bi Tatu ndiyo kwanza anatoka mlangoni. Ilimpiga kifuani. Churuu, churuu, kijani kikateremka miguuni, na chini yake rangi ya chungwa ikaanza kuchomoza.

Nyani akasogea mpaka mwisho wa hatua zake kumi. Nyuma yake walikuwepo Mama Kanga na wenzake, wamekimbilia kichuguuni kujikinga.

"Dada Tatu," akasema Nyani taratibu, "kifua chako kimefanya nini?"

Bi Tatu alijitazama. Akainua kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Nimepaka hina."

"Hina? Msibani?"

"Matanga yalikwisha siku ya tatu, Karani. Anayekaa eda ni mke, si dada. Au marehemu alikuoa na wewe, ndiyo sababu umekaa mlangoni kwake miezi miwili?"

Kakakakaka, kanga wakacheka wote kwa pamoja. Nyani akarudi kinyumenyume mahali pake. Hakuuliza tena habari ya rangi, ingawa kila usiku alilala akiifikiria. Mama Kanga kwa upande wake alimfuata Bi Tatu siku nne mfululizo akitaka kujua hina ile ameisagia wapi na anapakwa na nani, kwa sababu yake yeye haikolei.

Mwezi wa tatu ukapita, na wa nne. Makinda wakavaa manyoya. Kinda wa kwanza akaruka alfajiri moja kabla mlinzi hajafika, akaenda kujificha katika migunga. Wa pili akaruka siku mbili baadaye. Wa tatu, yule wa yai la mwisho, alifika mlangoni, akatazama chini, akarudi ndani. Kesho yake hivyohivyo. Bi Mize alimsihi, akamsukuma, akamnyima chakula. Kinda akasema kwamba nyumba inamfaa kama ilivyo. Siku kumi za akiba zikaliwa moja moja, mpaka ikabaki ile ya mwisho, naye bado yumo ndani, amejibana nyuma kama anayetafuta mlango wa uani usiokuwepo.

Asubuhi ya siku ya mwisho Mwenyekiti Tembo alikuja na wanawe wawili wenye mabega mapana, wamekuja kazini. Huzuni yake ilikuwa imekwisha pamoja na eda. Alisema neno moja la kumkumbuka marehemu, fupi kuliko yale ya mwanzo, kisha akamwambia mjane atoke, njia inasubiri. Karani Nyani alikuwa tayari ameshatembea hatua tisa kati ya zile kumi.

Bi Mize akatokeza kichwa tu. Akasema anashukuru kwa ulinzi na huruma. Ila yeye ni mwanamke anayeogopa laana. Miezi ile minne, mingine ilikuwa ya siku thelathini na mingine ya ishirini na tisa, na mjane akitoka kabla ya siku yake, balaa humwangukia aliyemtoa. Anaomba Mwalimu Kobe ahesabu hadharani, siku moja moja, wote wakisikia.

Mwenyekiti alikunja sikio. Balaa hakulitaka. Kobe akasogezwa mbele.

"Siku ya kwanza," akasema Kobe, "mwewe." Akapumzika. "Siku ya pili, matanga."

Alihesabu tangu jua linachomoza. Saa tatu asubuhi alikuwa siku ya hamsini na sita, akapiga chafya, akasahau, akaanza upya. Wana wa Tembo wakalala wamesimama. Na kwa muda wote huo, ndani, Bi Mize alikuwa anamwambia mwanawe kwa mnong'ono kila jambo ambalo mama anaweza kumwambia mtoto, la upole na la matusi. Kinda alishikilia ukuta tu. Aliogopa hewa.

Jua lilipoanza kuinama, Kobe akasema, "Siku ya tisa... ya zile kumi."

Basi Shomari aliyekuwa juu ya mgunga, katika umbo la Bi Tatu, aliona kwamba imebaki siku moja ya kuhesabu. Alijua mtoto anaiogopa hewa lakini anaijua sauti ya baba yake, ile ya kweli, si ile nyembamba ya Bi Tatu aliyokuwa akiitumia kwa wageni. Alijua pia kwamba akiitoa, nyika nzima itaitambua. Alikisugua kifua chake kwenye gome mpaka majani yote yakatoka. Kisha akaita.

Kriiik! Kriiik!

Sauti ilikwaruza anga kama sufuria kwenye jiwe. Mama Kanga akaanguka. "Marehemu," akasema akiwa palepale chini, "hata kufa hakukumsaidia sauti."

Kinda akaisikia. Akatoka mlangoni bila kutazama chini, pu pu pu pu, akapita juu ya kichwa cha Mwenyekiti, akayumba, akazama, akainuka, akashika tawi karibu na baba yake. Bi Mize akatoka nyuma yake kama jiwe la teo. Nyani akarukia tundu, akaingiza mkono wote mpaka begani, akapapasa huku na huku, akautoa umejaa alichoacha familia ya watu watano kwa miezi minne.

Wanyama wote wakatazama juu. Kwenye tawi walikaa kwaru watano. Wa katikati alikuwa na kifua cha rangi ya chungwa, kimepungua manyoya kumi na moja, kinawaka juani.

Mwenyekiti Tembo akaomba maelezo. Aliyaomba kwa sauti ambayo ilifanya majani yadondoke.

"Wewe umekufa," akasema.

"Ndiyo, Mwenyekiti," akajibu Shomari kwa adabu. "Nawe ndiye uliyenizika. Nilikuwepo. Ulisema mambo mazuri sana."

"Nitakushitaki."

"Ni haki yako. Lakini kama sikufa, watu hawa watauliza ulililia nini, ulifunika nini kwa matawi, na Karani alikuwa analinda nini miezi minne. Mimi ni mdogo, Mwenyekiti, aibu yangu ni ndogo. Ya kwako itajaa nyika."

Wana wa Tembo walitazama miguu yao. Mwalimu Kobe, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika, akasema, "Siku ya kumi. Eda imekwisha."

Mwenyekiti akamgeukia Karani Nyani aliyekuwa anafuta mkono kwenye nyasi.

"Andika," akasema. "Marehemu ana ndugu anayefanana naye sana."

Nyani akatikisa kichwa.

Kichuguu kilibomolewa jioni ileile, pwaa, na vumbi likawafuata tembo mpaka bwawani. Mle ndani hamkuwa na mtu. Kwaru watano walitazama kutoka mgungani, na baba yao, tangu siku ile, kila Mwenyekiti alipopita chini yake alimwamkia kwa heshima, na Mwenyekiti akaitikia bila kuinua macho, akimtakia rehema yule ndugu yake.

Basi wanangu, mkubwa asiyemsikiliza mdogo aliye hai atamsikiliza akishakufa, kwa hiyo mdogo mwenye akili hufa kwa muda tu.